Daftari au mlima: ufuate njia ya Bruce Lee au ya Masutatsu Oyama?

Mpwa wangu ana miaka 19. Kila jioni hufanya mazoezi peke yake uani, kwa kamba ya kuruka, gunia alilolijaza matambara na video anazozitazama kwenye simu. Nilipomwambia nataka kumpeleka dojo, yaani ukumbi wa mazoezi ya karate, nilikojifunzia mimi, alinijibu kwa adabu lakini bila kuyumba: "Mjomba, Bruce Lee mwenyewe alisema mtu asifungwe na mtindo wowote. Mbona wewe unataka kunifunga?"

Sikumjibu siku ile. Ni swali la haki, tena si lake peke yake. Kwa wengi wetu Afrika Mashariki, Bruce Lee ndiye mlango tulioingilia: baba zetu walimwona kwenye majumba ya sinema miaka ya 1970, sisi tukamwona kwenye vibanda vya video, watoto wetu wanamwona kwenye simu. Anaonekana mtu huru, hana mkanda kiunoni wala mwalimu wa kumpigia saluti, na ngumi yake jicho haliikamati. Kisichoonekana ni alivyofika pale.

Nimeona njia nzuri ya kumjibu mpwa wangu, na yeyote aliye njia panda kama yeye, ni kumweka Lee kando ya mtu mwingine wa zama zake: Masutatsu Oyama, mwasisi wa karate ya Kyokushin. Nimemchagua kwa sababu yeye alishika upande wa pili kabisa. Lee alibomoa kuta za mitindo, Oyama akajenga nyumba yenye kuta nene na sheria mlangoni. Mimi nimefanya karate miaka 11, kisha nikakaa miaka kadhaa nikijipangia mazoezi kwa namna ya Lee, na njia zote mbili zimeniachia faida na alama mwilini.

Walikotoka

Lee alizaliwa San Francisco tarehe 27 Novemba 1940, baba yake akiwa ziarani huko na kundi la opera ya Kikantoni, na akalelewa Hong Kong. Akiwa bado kijana alianza kujifunza Wing Chun, mtindo mmoja wa kung fu, kwa mwalimu Ip Man. Mwaka 1959 akarejea Marekani, akakaa Seattle, akafanya kazi mgahawani, na mwaka 1961 akaingia Chuo Kikuu cha Washington ambako alisoma falsafa pamoja na mambo mengine. Alifundisha kung fu kwa yeyote aliyetaka kujifunza, jambo ambalo baadhi ya Wachina wa Marekani hawakulipenda wakati ule. Mwanafunzi wake wa kwanza huko alikuwa Jesse Glover, Mmarekani mweusi aliyekuwa mcheza judo.

Oyama alizaliwa Korea mwaka 1923, nchi ikiwa chini ya utawala wa Wajapani. Jina lake la kuzaliwa ni Choi Yeong-eui. Mwaka 1938 alivuka kwenda Japani akitaka kuwa rubani. Alijifunza karate ya Shotokan kwa Gichin Funakoshi, kisha Goju-ryu kwa So Nei Chu, ambaye naye alikuwa Mkorea aishiye Japani.

Wote wawili, basi, walikuwa wageni mahali walipojengea majina yao, na mgeni hupimwa mara mbili. Naamini hapo ndipo ukali wao juu ya nafsi zao ulipoanzia. Lakini kila mmoja aliupeleka ukali huo kwake: Lee akaupeleka kwenye karatasi, Oyama akaupeleka msituni.

Nani anakusimamia?

Watu wakilinganisha hawa wawili huanza na ngumi: ya nani ilikuwa kali zaidi, nani angemshinda mwenzake. Mimi naona swali la maana kwa mtu anayetaka kuchagua ni lingine. Asubuhi ambayo mwili umekataa, mvua inanyesha na hakuna anayekuona, ni nani anayekutoa kitandani?

Kwa Lee, jibu ni daftari. Mwisho wa mwaka 1964, mjini Oakland, alipigana na Wong Jack Man, bingwa wa kung fu kutoka San Francisco. Waliokuwepo wamesimulia pambano lile kwa namna zinazopingana hadi leo. Lakini Lee mwenyewe hakuridhika: aliona lilichukua muda mrefu kuliko ilivyopasa, na alibaki akihema. Mtu mwingine angekwenda kusherehekea au kulalamika. Yeye alianza kujichunguza upya, na kuanzia hapo mazoezi ya pumzi, nguvu na kasi yakawa na uzito sawa na ufundi wa mikono. Akawa anakimbia asubuhi, anaruka kamba, anaendesha baiskeli ya mazoezi, ananyanyua vyuma, anafanyia kazi mikono na tumbo karibu kila siku. Na yote aliyaandika. Shajara zake za miaka ya 1960 zina tarehe, idadi ya ngumi za kulia na za kushoto, idadi ya mateke, dakika za kukimbia.

Ipo kadi yake ya mazoezi ya mwaka 1965 kutoka jimu moja ya Hong Kong, na nashauri kila kijana aitafakari. Kuchuchumaa na chuma mabegani: seti 3, kila seti mara 10, kwa ratili 95, yaani kilo 43 hivi. Hicho si chuma cha kuwatisha watu. Kijana yeyote mwenye afya akifundishwa vizuri atafika hapo kwa miezi michache. Maajabu ya Lee hayakuwa kwenye uzito aliobeba siku moja, yalikuwa kwenye kurudi kesho yake, kuandika alichofanya, na kuondoa kisichomsaidia. Alipenda mfano wa mchonga sanamu: mchongaji haongezi udongo kila siku, anachonga na kutupa mpaka sura ibaki.

Oyama hakuwa na imani hiyo na karatasi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia alipanda mlima kujitenga na watu, akimfuata kwa mfano Miyamoto Musashi, mpiga upanga wa karne ya 17. Kwa simulizi yake, alikaa Mlima Minobu miezi 14, kisha akarudi kujitenga kwa miezi 18 kwenye Mlima Kiyosumi, mkoa wa Chiba. Alfajiri anakimbia miteremko, mchana anapiga miti na mawe, anakaa chini ya maporomoko ya maji baridi, usiku anatafakari. Alianza na mwanafunzi wake mmoja, Yashiro. Baada ya miezi kama sita Yashiro alitoroka usiku kwa upweke. Oyama mwenyewe aliandikiwa na mwalimu wake ushauri wa ajabu: anyoe nyusi moja. Mtu mwenye nyusi moja huona haya kushuka mjini, na aibu ile ikawa komeo la mlango wake.

Hapo ndipo ninapomwelewa Oyama kuliko kwenye hadithi zote za mawe aliyoyavunja na mafahali aliopambana nao, hadithi ambazo vibonzo vya Kijapani vya miaka ya 1970 vilizikuza sana. Alijua kwamba nia yake peke yake haikutosha. Akatafuta kitu nje ya nafsi yake cha kumzuia asikimbie. Na alipofungua dojo yake Tokyo mwaka 1953, kisha makao makuu ya Kyokushin mwaka 1964, alikuwa anawajengea wengine kitu kinachofanya kazi ya ile nyusi. Saa ya kufika haibadiliki. Wote mnasimama mstari mmoja, aliyetangulia mbele yako, aliyechelewa kuanza nyuma yako. Mwalimu akihesabu, unapiga. Huulizwi kama umejisikia. Unaitika "osu", itikio la heshima na uvumilivu, na unaendelea.

Kwa hiyo kabla hujachagua, jipime kwa jambo hili moja. Nunua daftari, andika mazoezi yako kwa majuma sita, bila kudanganya hata siku moja, pamoja na siku ulizolala na siku ulizopunguza hesabu. Ukifika mwisho na daftari limejaa na ni la kweli, unayo tabia inayohitajika kuifuata njia ya Lee. Likikatika juma la tatu, kama yanavyokatika mengi, huna kosa lolote. Wewe ni wa mstarini, na mstari utakufikisha mbali.

Maji na mkanda

Falsafa ya Lee imenukuliwa hadi imechakaa: kuwa kama maji. Alilisema kwenye mahojiano ya televisheni ya mwaka 1971 na mwandishi wa habari wa Kanada, Pierre Berton, kule Hong Kong. Maji ukiyatia kikombeni yanakuwa kikombe, ukiyatia chupani yanakuwa chupa. Mpwa wangu analijua kwa moyo.

Asichokijua ni wazo lile lilivyoanza. Lee alilisimulia mwenyewe kwenye insha aliyoiandika akiwa mwanafunzi. Alikuwa amekwisha kufanya mazoezi makali kwa miaka kama minne chini ya Ip Man, na akawa amekwama: kila alipopambana, akili ilijaa hesabu za kumshinda mwenzake, utulivu ukapotea. Mwalimu akamwambia ajiachie, afuate mwendo wa mpinzani. Ikamshinda. Mwalimu akamwamuru asifanye mazoezi juma zima, aende nyumbani. Ndipo siku moja akiwa peke yake kwenye mashua, kwa hasira, akayapiga maji ya bahari ngumi, na akaona: maji hayakuumia, hayakushikika, lakini yana nguvu ya kupenya mwamba.

Soma tena hayo mambo kwa mpangilio wake. Kwanza miaka minne ya kurudia. Kisha kukwama. Kisha mwalimu aliyemwona amekwama kuliko alivyojiona mwenyewe, akamwambia apumzike. Halafu ndiyo maji. Mwanafunzi asiye na mwalimu angeendelea kujichosha, au angeacha.

Njia yake mwenyewe aliipa jina Jeet Kune Do, yaani njia ya ngumi inayokatiza, mwaka 1967, zaidi ya miaka kumi tangu aingie kwa Ip Man. Katikati alichota kwenye ndondi za Kimagharibi na kwenye mchezo wa vitara, akachukua hasa namna ya kusimama, hatua za miguu na wazo la kumkatiza mtu katikati ya shambulio lake badala ya kukinga kwanza ndipo upige. Jina lenyewe lilimtia wasiwasi baadaye. Alilifananisha na chombo cha kuvukia mto, ambacho ukishavuka hukibebi mgongoni. Mwaka 1970 alizifunga shule zake, kwa hofu kwamba wanafunzi watayageuza maneno yake kuwa mtindo mwingine wa kukaririwa.

Kwa Oyama, neno Kyokushin lina maana ya ukweli wa mwisho, na ukweli huo haupatikani kwa kutupa umbo, unapatikana kwa kulipitia umbo mpaka likukolee. Alisema siku 1,000 za mazoezi ni mwanzo, na siku 10,000 ndiyo umahiri. Piga hesabu: ukifika dojo mara tatu kwa juma, siku 1,000 ni zaidi ya miaka sita. Ndiyo kwanza umeanza. Kuna kiapo cha dojo chenye vifungu saba, wanafunzi hukisoma kwa pamoja, na kifungu cha kwanza ni kuizoeza mioyo na miili ili kupata roho thabiti isiyotikisika. Kuna pia mafundisho yake ambayo nayaona yamekaa vizuri sana masikioni mwa mtu aliyelelewa pwani yetu: kichwa kiinamie chini kwa unyenyekevu, macho yatazame juu kwa matumaini, ulimi uzuiwe, moyo uwe mwema, na kuwaheshimu wazazi kuwe ndiyo mwanzo wa kuwatumikia wengine. Bibi yangu, ambaye hakupata kusikia neno karate, angeyatia saini.

Nikiyapima haya mawili kwa ukweli, falsafa ya Lee ni pana zaidi. Alisoma sana, maktaba yake ilipita vitabu 2,000, na aliuliza maswali ambayo Oyama hakutaka yaulizwe: kwa nini hatua hii? Nani kasema? Inafanya kazi kwa mwili wangu mimi, mfupi, mwenye kilo 60 na kidogo? Maswali hayo ni zawadi kwa mtu aliyekwisha kuwa na kitu cha kuhoji. Kwa asiye na kitu, yanakuwa kisingizio. Nimewaona vijana wakikataa kujifunza kusimama vizuri kwa jina la Bruce Lee, na Bruce Lee alisimama vizuri kuliko wote.

Tena hakuwa mtu wa kuelea tu na mkondo, kama neno maji linavyoweza kudhaniwa. Januari 1969 aliandika kwenye karatasi lengo lake kuu: kuwa nyota wa Kiasia anayelipwa zaidi Marekani, na kufikia mwaka 1980 awe na dola milioni 10. Akatia saini. Ni yule yule wa maji, akiwa na tarehe na tarakimu.

Siku ya kujaribiwa

Kila njia ina namna yake ya kukuonyesha kama umedanganyika. Lee aliyaita mazoezi yasiyo na mpinzani wa kweli kuogelea nchi kavu. Yeye na wanafunzi wake walivaa glavu, kofia za kukinga kichwa na kinga za kifua, wakapigana kwa kasi kamili, wakiwa huru kupiga usoni. Mtihani wake ulikuwa wa mara kwa mara na usio na cheti.

Oyama alipanga mtihani wenye jukwaa. Kwenye mashindano ya Kyokushin hakuna glavu, unapiga mwili kwa nguvu zote, teke la kichwa linaruhusiwa, ila ngumi ya usoni ni marufuku. Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Tokyo mwaka 1975, na Katsuaki Sato akatwaa ubingwa. Juu ya hayo yote kuna kumite, yaani pambano, ya watu 100: unapambana na wapinzani 100 wenye nguvu mpya, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kwa dakika moja na nusu au mbili. Waliomaliza ni wachache mno. Mmoja wao ni Steve Arneil, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekulia Zambia, aliyeifanya mwaka 1965. Mwingine ni Francisco Filho wa Brazil, mwaka 1995.

Ukitazama sheria hizo utaona pengo pia. Kwa kuwa ngumi ya uso hairuhusiwi, wengi huzoea kusimama kifua kwa kifua, mikono ikiwa chini, wakibadilishana mapigo ya mbavu na mapaja. Mtu wa namna hiyo akikutana na mpiga ndondi wa kawaida, sekunde za kwanza zitakuwa ngumu kwake. Lee alilitazama hilo kwa usahihi, na hapo simtetei Oyama. Upande wa pili, mtu wa Kyokushin amepigwa kweli. Anajua maumivu yanavyopita. Wengi wanaojiita wafuasi wa Lee hawajawahi kupigwa teke la paja wakaendelea kusimama, na hilo nalo ni kuogelea nchi kavu.

Mwili unalipa nini

Mwaka 1970 Lee alijiumiza mgongo vibaya akifanya zoezi la kuinama na chuma mabegani, kwa ratili 125 hivi, yaani kilo 57, karibu sawa na uzito wake mwenyewe, na inasimuliwa kwamba hakuwa ameupasha mwili moto vya kutosha. Madaktari walimwambia huenda asipige teke tena. Alilala kitandani kwa miezi, na huko ndiko alikoandika sehemu kubwa ya maandishi yake juu ya mapigano, yaliyochapishwa mwaka 1975, baada ya kifo chake. Nyuma ya kadi ndogo aliandika maneno mawili yenye maana ya "endelea kutembea", akayaweka pale anapoyaona. Alirudi, akapiga mateke tena mbele ya kamera, ingawa mgongo ulimsumbua maisha yake yote yaliyobaki. Alifariki Hong Kong tarehe 20 Julai 1973, ubongo ukiwa umevimba, akiwa na miaka 32.

Nalieleza hili kwa sababu ndiyo hatari halisi ya kujisimamia mwenyewe: hakuna wa kukwambia "leo basi". Lee mwenye maarifa yake yote aliumia kwa zoezi moja. Ukifuata njia yake, tafuta mtu mmoja anayejua vyuma akusimamie, hata kama mengine yote unayafanya peke yako.

Njia ya Oyama inalipisha polepole zaidi: vifundo vya mikono, magoti, vidole vya miguu, mbavu. Kidole changu cha kati cha mkono wa kulia hakikunji sawasawa hadi leo, kwa sababu nilianza kupiga ubao uliofungwa kamba mapema mno, kwa siri, nikitaka vifundo vya kutisha kama vya kaka zangu wa dojo. Mwalimu alikuwa amenikataza. Oyama aliishi hadi tarehe 26 Aprili 1994, akafa kwa saratani ya mapafu akiwa na miaka 70, akiacha chama kilichoenea dunia nzima, ambacho baada yake kiligawanyika makundi mengi. Hilo lina maana kwa anayechagua leo: ukiona neno Kyokushin ukutani, uliza dojo iko chini ya chama gani na vyeti vyake vinatambuliwa na nani. Kwa Jeet Kune Do pia wanafunzi wa Lee waligawanyika, wengine wakishika aliyoyafundisha kama yalivyokuwa, wengine wakiendelea kuongeza. Na yeyote anaweza kununua fulana ya njano akajiita mwalimu wa Jeet Kune Do. Uliza alijifunza kwa nani, kwa muda gani.

Kwa hiyo nani afuate nani

Mtu anayeanza kabisa, chini ya miaka 25, ajifunge kwanza kwenye njia ya Oyama. Siyo lazima Kyokushin yenyewe. Kwetu Shotokan na Goju-ryu ndizo zilizoenea zaidi, na zote mbili ndizo Oyama alizojifunza kabla ya kuwa Oyama. Tazama darasa mara mbili kabla ya kulipa ada. Angalia kama wanapigana kweli kwa mazoezi, kama wasichana na wadogo wanatunzwa, na kama mwalimu mwenyewe bado anatoka jasho. Kaa miaka mitatu bila kuhoji sana, ukiandika maswali yako pembeni. Hayatapotea.

Mtu aliyekwisha kufanya karate, judo au ndondi kwa miaka mitano na zaidi, akahisi anarudia tu, huyo ndiye Lee alikuwa anamwandikia. Achukue daftari, atafute mwenzake mmoja mwaminifu wa kupigana naye kwa glavu, na aanze kuuliza kila hatua inamsaidia nini. Ataumia moyo, maana atagundua baadhi ya vitu alivyosifiwa navyo havina kazi. Nilipofanya hivyo mimi, teke la kuzunguka nililolipenda kuliko yote halikumfikia mwenzangu hata mara moja katika jioni nzima.

Aliyepita miaka 40 na anataka afya, utulivu na kujilinda, nampeleka kwa Lee moja kwa moja, kwa masharti ya yale mazoezi mepesi yaliyopimwa na kuandikwa. Mstari wa Kyokushin haumhurumii mtu mwenye goti bovu.

Mfanyakazi wa zamu, nesi, dereva wa magari ya mizigo, mlinzi wa usiku, asiyeweza kufika dojo saa ile ile kila juma, hana hiari: daftari ndilo dojo lake. Lakini atafute angalau Jumapili moja kwa mwezi ya kupigana na binadamu.

Na mtoto? Mzazi akiniuliza kuhusu mtoto wa miaka minane sitamtaja Lee wala Oyama. Nitamtaja Jigoro Kano, aliyeanzisha judo mwaka 1882 katika hekalu moja mjini Tokyo, kwenye chumba cha mikeka 12. Mtoto ajifunze kwanza kuanguka bila kuumia, na kumwangusha mwenzake kisha kumsaidia kuinuka. Mengine yatakuja.

Nilichomjibu mpwa wangu

Nilimwita tukakaa kibarazani, nikamsimulia habari ya mashua na ngumi ya baharini, na habari ya Ip Man kumwamuru apumzike. Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo mjomba, na yeye alikuwa na mstari?" Nikamwambia alikuwa nao, tena akasimama nyuma ya wengine.

Tulipatana hivi: dojo jioni tatu kwa juma, kwa mwaka mmoja, halafu tutazungumza tena, na sitamlaumu akiamua kuondoka. Jumamosi nikampeleka. Alisimama wa mwisho kabisa, nyuma ya binti wa miaka 14 mwenye mkanda wa kijani, na kwa saa moja na nusu walifundishwa kusimama na kupiga ngumi moja, ile ile.

Juzi nilipopita kwao alinionyesha daftari la mistari alilolinunua bila kuambiwa na mtu. Ukurasa wa kwanza una tarehe, idadi ya ngumi, na chini yake kwa kalamu nyekundu: "Goti la kushoto linaingia ndani. Mwalimu kanirekebisha mara nne. Sikuwa najua."